Mama yake babu aliitwa nani? Kufuatilia nasaba na majina ya ukoo Lamu

Mwezi uliopita mpwa wangu anayeishi Toronto alinipigia simu. Mwanawe yuko darasa la sita, na mwalimu amewaagiza wanafunzi wachore mti wa ukoo, kila mmoja afike anapoweza kufika. "Mjomba," akaniambia, "huyu mwanangu anakaa dawati moja na mtoto ambaye wazee wake ni Wafaransa wa Quebec. Mwenzake amerudi nyuma vizazi kumi na viwili, wanaume kwa wanawake, na tarehe za ndoa zao. Sisi tuna nini?"

Nikamjibu kwa kiburi. Mtu wa Lamu hulelewa akiwajua baba zake kama aijuavyo Fatiha. Nikamwambia ashike kalamu, nikamtajia baba yangu, babu yangu, babu yake babu, mpaka nikafika saba. Akaandika yote. Kisha akauliza, "Na mama zao?"

Niliwajua wawili tu.

Baada ya kukata simu nilikaa nikifikiri. Mtoto yule wa Toronto, kwa hesabu ya majina, si wa ukoo wangu hata kidogo. Jina lake ni la baba yake. Amenifikia kwa kupitia wanawake wawili, yaani mama yake na bibi yake ambaye ni dada yangu. Wale baba saba niliojivunia wasingemfikia kamwe lau si wanawake, na wanawake ndio nisiowajua. Makala haya yametokana na swali lake. Nimejaribu kueleza jina letu limejengwa vipi, linakatika wapi, na mtu anayetaka kutafuta wazee wake aanzie wapi.

Jina letu ni njia

Jina la mtu wa visiwa hivi, iwe Amu, Pate, Manda, Siyu, Faza au Kizingitini, halikujengwa kama la Mzungu. Mzungu ana jina lake na jina la familia lisilobadilika. Sisi tuna jina la mtu, kisha bin au binti, kisha la baba, kisha la babu, na kuendelea, mpaka mwisho lije jina la ukoo. Ni njia ya kurudi nyuma hatua kwa hatua. Dini nayo imetufunza hivyo. Suratul Ahzab, aya ya 5, inaamrisha watoto waitwe kwa baba zao, na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tujifunze nasaba zetu ili tupate kuunga jamaa.

Mtoto hupewa jina na akika yake huchinjwa siku ya saba. Mara nyingi mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na msichana jina la bibi. Ndiyo maana katika ukoo mmoja utakuta Mohamed Ali Mohamed Ali, majina mawili yakipokezana kama watu wanaochota maji. Pia ndiyo maana ndugu wanne wakiwa na watoto wa kiume, mjukuu wa Omar hawi mmoja, huwa wanne, wote Omar, wote wa mtaa mmoja. Anayetafuta nasaba ajue hili mapema, asije akamfanya binamu kuwa babu yake.

Jambo jingine la kujua ni kwamba mwanamke wetu habadilishi jina akiolewa. Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi mashuhuri wa Pate, aliolewa na Bwana Mataka, mkubwa wa Siyu, lakini mpaka leo twamtaja kwa jina la baba yake. Ukikuta katika karatasi za zamani mwanamke ameandikwa binti fulani, huyo fulani ni baba yake, si mumewe.

Majina ya ukoo yametoka wapi

Majina yanayokuja mwisho, yale ya Al, hayana asili moja. Mengine ni ya makabila ya Arabuni: Al-Nabhany waliotawala Pate, Al-Busaidy, Al-Mazrui. Mengine ni ya nyumba za masharifu waliotoka Hadhramaut, kama Al-Husseiny na Jamal al-Layl. Mengine yametokana na mji: mtu wa Lamu aliyehamia kwingine aliandikwa Al-Lamy. Wabajuni wana hesabu yao ya koo kumi na nane. Na ukienda Mombasa utaikuta miji yetu imegeuka kuwa majina ya mataifa. Katika zile Tisa Taifa wamo Wapate, Wafaza na Wagunya. Mzee wako akipotea huku, huenda yuko kule.

Majina haya pia hayakusimama tu mahali pamoja. Habib Swaleh bin Alwy Jamal al-Layl alikuja Lamu kutoka Ngazija, akaasisi Msikiti wa Riyadha, akafariki 1935. Wengi katika kizazi chake leo wajulikana kwa jina la Badawy, lililotoka kwa mwanawe Ahmad Badawy. Hao ni watu wa juzi, na nasaba yao imeandikwa vizuri. Fikiria basi mabadiliko kama hayo katika ukoo ambao haukuandika kitu.

Usisahau pia majina yaliyoanza kama cheo. Fumo lilikuwa neno la mkuu au mfalme, na baadaye likaingia ndani ya jina lenyewe. Mwenye na Mwana ni maneno ya heshima. Shee ni sheikh. Anayemtafuta Shee Bakari katika daftari la mzungu huenda akamkuta ameandikwa Sheikh Abubakar, na Athman akamkuta Uthman. Karani wa kikoloni aliandika alivyosikia, na sikio lake halikuwa la Kiamu.

Lakabu, kwetu na Quebec

Hapa ndipo nilipogundua kwamba yule mwanafunzi wa Kifaransa na wetu wanafanana kuliko walivyodhani.

Mwaka 1665 mfalme wa Ufaransa alipeleka kikosi cha Carignan-Salières katika koloni lake la Ufaransa Mpya, ambalo sehemu yake leo ni Quebec. Askari walikuwa zaidi ya elfu moja, na mamia yao wakabaki huko. Kila askari alikuwa na jina la kambini: Lafleur, yaani ua, Sansouci, yaani asiye na wasiwasi. Daftari likaandika jina la ukoo, kisha neno dit, maana yake "aitwaye", kisha lakabu. Baadaye watoto wa baba mmoja waligawana, huyu akashika jina la ukoo na yule akashika lakabu, na leo wajukuu wao hawajui kwamba ni ndugu.

Je, si sisi hao? Sultani Ahmed wa Witu alijulikana kwa jina la Simba. Muhammad bin Fumo Umar al-Nabhany, ambaye masimulizi yake ndiyo tuliyonayo leo kama Habari za Pate, aliitwa Bwana Kitini. Muhammad bin Abubakar al-Bakary, mwandishi wa hati na mchonga milango wa Lamu aliyefariki 1945, ukimtaja kwa jina hilo watu watakutazama tu. Sema Kijuma, kila mtu anamjua. Lau karatasi moja imeandika Kijuma na nyingine Muhammad bin Abubakar, mtafutaji mgeni atadhani ni watu wawili. Kwa hiyo ukimhoji mzee, usiulize tu "Aliitwa nani?" Uliza pia, "Watu walimwitaje barazani?"

Tofauti yetu na Quebec iko kwenye daftari. Padri wa kule, akifungisha ndoa, kwa kawaida aliandika bwana harusi na baba yake na mama yake, na bibi harusi na baba yake na mama yake. Nakala moja ilibaki kanisani, nyingine ikaenda serikalini. Wanawake wapatao 770 waliopelekwa na mfalme kati ya 1663 na 1673 ili waolewe na walowezi waliingia katika vitabu hivyo kwa majina ya baba zao, na mwanamke alibaki na jina hilo mpaka kaburini. Tangu 1966 Chuo Kikuu cha Montréal kimekuwa kikiziunganisha kumbukumbu hizo. Mtoto yule hakuwa hodari kuliko wetu. Alikuta kazi imeshafanywa.

Jina linakatika wapi

Kwetu njia ya jina inakatika mahali pawili.

Pa kwanza ni kitambulisho. Serikali imezoea majina matatu, basi, tena bila bin wala binti. Chukua mfano: Ali Mohamed Omar amezaa mtoto, ni Hassan Ali Mohamed. Hassan akazaa, ni Fatma Hassan Ali. Mohamed ameanguka, Omar alianguka zamani, na jina la ukoo halimo kabisa. Kijana aliyekwenda kuomba kitambulisho aliambiwa alete stakabadhi za babu, na za babu zilikuwa na jina la mwisho tofauti na lake. Huko ughaibuni ni mtihani mwingine: baba ana jina moja la mwisho, watoto wana jingine, na shule yauliza kama kweli ni wake.

Pa pili pana uzito zaidi. Njia yetu inapita kwa wanaume peke yao. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba kutoka mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara. Miongoni mwa makaburi hayo yalikuwamo ya Manda na Faza, hapa kwetu. Wengi wa watu wa pwani walikutwa na asili mbili: ya Afrika, na ya Asia iliyotoka hasa Uajemi. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000, na baada ya 1500 asili ya Arabuni ikazidi. Lililonigusa ni hili: asili ya Asia iliingia zaidi kwa upande wa wanaume, na ya Afrika zaidi kwa upande wa wanawake. Kwa maneno mengine, majina yetu yamehifadhi upande mmoja wa safari. Upande wa pili, ambao kwa wengi ni nusu au zaidi, umebaki ndani ya mifupa bila jina.

Mtu wa nyumbani

Nilipanda boti nikashuka Mtangawanda, nikaenda Pate kwa shangazi yangu, ambaye amepita miaka themanini. Nikamsomea baba wale saba, akanisahihisha wawili. Nikamuuliza mama zao. Akawataja watatu moja kwa moja, na binti nani kila mmoja. Kwa wa nne akanyamaza, akajifuta uso kwa leso, akasema, "Huyo alikuwa mtu wa nyumbani."

Kila mtu wa visiwa hivi anaelewa maana ya maneno hayo. Utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda wetu wa pwani mwaka 1907. Kabla ya hapo, tajiri aliweza kuwa na suria, na kwa sheria yetu mtoto wa suria akikubaliwa na baba ni huru, hana tofauti na ndugu zake, anarithi kama wao na anabeba jina zima la baba mpaka kwa Al. Ni hukumu ya huruma. Lakini matokeo yake katika nasaba ni kwamba mama anafutika. Mtoto ana jina refu la Kiarabu, na mama ana jina moja tu alilopewa na bwana wake. Watumwa wengi waliitwa kwa baraka, vito na viungo: Mabruki, Baraka, Feruzi, Almasi, Zafarani. Mwengine akiachwa huru aliandikwa bin Abdallah kwa kuwa baba yake hakujulikana, na sote ni waja wa Mungu. Nasisitiza: jina peke yake si ushahidi. Kina Abdallah wa kuzaliwa ni wengi, na Baraka leo ni jina la yeyote. Ni dalili tu ya kukufanya uulize zaidi.

Hata Quebec hawakusalimika. Mwanahistoria Marcel Trudel alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 katika kumbukumbu za koloni lile, wengi wao wenyeji wa nchi na wengine Waafrika, na mara nyingi daftari la padri lililomsifu kila mtu kwa wazazi wake liliwaandika hao kwa jina moja tupu.

Shangazi alinitajia jina la yule mama. Ni jina la kito, halina binti. Alisema aliambiwa na bibi yake asilitaje mbele ya wageni.

Nilipomweleza kaka yangu, alikasirika. Ana mabinti wa kuozwa, na mambo ya kufu bado yaulizwa kwetu, hata kama sauti imepunguzwa. "Wafukua kaburi la nini?" akaniambia. Namwelewa. Sikumjibu siku ile, lakini nitasema hapa. Tunao msemo: mkataa kwao ni mtumwa. Huyu bibi yetu hakukataa kwao, alichukuliwa kwao. Wanaokataa ni sisi, tunaomficha aliyetuzaa.

Pa kuanzia kutafuta

Kwa anayetaka kuanza, haya ndiyo niliyoyaona yana faida.

Kwanza, wahoji wazee, na wanawake watangulie. Wanaume watakupa orodha, wanawake watakupa watu. Waulize nani alimnyonyesha nani, nani alimzalisha nani, nani alikuja na boti gani. Rekodi kwa simu, baada ya kuomba ruhusa.

Pili, fuata nyumba. Lamu mjini ilikuwa desturi ya wenye nyumba za mawe kumpa binti nyumba anapoolewa. Kwa hiyo historia ya nyumba nyingi ni historia ya mama na binti, na huenda ikakupa wanawake ambao nasaba imewaacha.

Tatu, tafuta karatasi za mirathi kwa kadhi. Faraidhi haiwezi kugawanywa bila kutaja wanawake: mke ana thumuni akiwa marehemu ana watoto, na robo akiwa hana, mama ana sudusi marehemu akiacha watoto, mabinti wana fungu lao. Karatasi moja ya mirathi yaweza kukupa mama, wake na mabinti kwa pamoja. Kwa nasaba ya wanawake, sijaona hazina inayoishinda.

Nne, ziko kumbukumbu za ndoa na talaka za Waislamu, ambazo sheria ya kuziandikisha ilianza 1906, na madai ya ardhi yaliyotokana na sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyowataka wenye mashamba na viwanja vya pwani wapeleke madai yao. Sehemu ya karatasi za kikoloni iko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi.

Tano, fungua vitabu vya zamani. Wenye vitabu waliandika majina yao ndani, na aliyekiweka kitabu wakfu alijitaja. Miswada ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na miswada mingi ya Kijuma iko SOAS, London. Jukuu wa Toronto aweza kukisoma kitabu cha Lamu akiwa kitandani, ila ajifunze kusoma hati za Kiarabu.

Sita, usidharau ziara. Watu wa Shela huenda Takwa, kisiwani Manda, kwenye kaburi la nguzo, kwa kuwa wahesabu asili yao kule. Ziara huhifadhi njia ambayo karatasi imeipoteza.

Na ukiandika, andika tarehe ya Kiislamu kama ulivyoikuta kabla ya kuigeuza, andika kila tahajia ya jina, andika lakabu, na andika nani alikwambia. Kisha piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja weka baba. Upande wa pili weka mama, hata kama utaandika jina moja tu, hata kama utaacha pengo. Pengo lililoandikwa litamfanya mwengine aulize. Lisiloandikwa hakuna atakayelijua.

Mti niliompelekea mpwa wangu una baba saba na mama watano. Wa nne ana jina moja, na mbele yake nimeandika: aliletwa Pate, kwao hakujulikani, ametuzaa. Mtoto ameuchora vile vile kwa rangi, na mama yake amenitumia picha. Jina lile la kito ameliandika kwa herufi kubwa kuliko yote. Nimemwonyesha shangazi, akalisoma polepole, akasema, "Mrehemu, ya Rabbi." Kaka yangu bado hajaiona picha. Nitampelekea baada ya Ijumaa.